Karibu, Wastani, Mbali: Miaka Yangu Kwenye Meza ya Takwimu

Nimestaafu. Najua mtacheka, kwa sababu nina miaka kumi na minane na mtihani wa kidato cha nne nimeumaliza juzi tu. Lakini mtu akifanya kazi moja karibu miaka mitatu, akarudisha funguo za stoo na akapewa soda ya kwaheri, huyo amestaafu. Soda yenyewe ilikuwa ya moto. Pensheni yangu ndiyo hiyo.

Nawaandikia nyinyi mliobaki kwenye Meza ya Takwimu, hasa Kasyoka na wale wawili wa kidato cha kwanza ambao bado wananiamkia kama mwalimu. Kuongea mbele ya watu kunanishinda, mnajua. Siku ya kuagana nilisema "asanteni" nikakaa. Kuandika ni afadhali. Nina shajara tangu shule ya msingi, na mengi ya hapa nimeyatoa humo, nikaacha yale ya aibu isipokuwa machache.

Kama karatasi hizi zitaokotwa na mtu asiyetujua: shule yetu iko kwenye vilima vya Kilungu, ina wa bweni na wa kutwa. Mwalimu mkuu akitaka kujua jambo, kwa mfano chakula kinabaki kwa nini au maji yanaenda wapi, sisi wa Meza ndio tunaotumwa kuuliza na kupima, halafu tunampa jibu. Vyeo hakuna. Nilipofanywa kiongozi hakuna aliyeniambia; nilikuta tu funguo kwenye dawati langu.

Nilianza nikiwa kidato cha pili. Mimi ni wa Kitui mjini, nilikuwa bwenini, na mwaka mzima nilikuwa nimeongea na watu ambao ningeweza kuwahesabu nikiwa nimefumba macho. Madam Nduku wa hisabati alimaliza kipindi akaninyooshea chaki. "Wewe usiyeongea. Saa kumi uje stoo." Nilijua ni adhabu. Nilinawa uso chooni kwanza, nisionekane nimelia.

Stoo ilinuka maharagwe na chaki. Ndani walikuwa wawili: Mutiso wa kidato cha nne, mrefu, ndiye aliyekuwa kiongozi, na Kyalo wa darasa langu, ambaye nasikia huongea hata usingizini.

"Madam, huyu?" Kyalo akasema. "Huyu atauliza watu maswali aje, na hata salamu hajibu?"

"Wewe utauliza, yeye atasikia jibu," Madam akasema. "Shida yako, Kyalo, ukiuliza swali unalijibu mwenyewe."

Vifaa vyetu vilikuwa tepu ya fundi wa nguo, mizani ya kuazima jikoni, nusu ya ubao uliovunjika, na saa ya ukutani iliyokuwa ikisimama kila mvua ikinyesha. Kwa bahati nzuri kwetu mvua si ya kila siku.

Kwenye ile nusu ya ubao Mutiso aliandika maneno manne: JINA, NGAZI, HESABU, KIPIMO. Darasani mambo haya tunafundishwa kwa Kiingereza, lakini stoo tuliongea Kiswahili, na mimi niliyaelewa stoo. Alisema kitu chochote kinachobadilika kutoka mtu mmoja hadi mwingine kinaitwa kigeu, na kabla hujakiandika popote, ukikamate ukiulize wewe ni wa aina gani. Kuna vigeu vya jina tu: bweni unalolala, kanisa unalosali, kijiji chenu. Hapo hakuna kikubwa wala kidogo. Kuna vya ngazi: vinajipanga, kimoja juu ya kingine, lakini huwezi kujua nafasi iliyo kati ya ngazi na ngazi ni kiasi gani. Kuna vya hesabu: ndugu, kuku, madaftari. Nusu ya ndugu hakuna. Na kuna vya kipimo: uzito, urefu, muda, ambavyo vinaweza kuangukia popote, hata katikati ya namba mbili.

"Na umri?" Kyalo akauliza.

"Umri wako ni kipimo," Mutiso akamjibu. "Akili yako ndiyo ngazi, na umesimama ile ya chini."

Nilicheka kwa sauti. Nadhani ndiyo mara ya kwanza shule ile ilisikia sauti yangu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa tunayokula na maharagwe. Tuliuliza watu kama ni tamu sana, tamu, sawa ama mbaya. Ni ngazi, safi kabisa. Kyalo naye akazipa namba, moja hadi nne, akajumlisha, akagawanya, akampelekea mpishi, Mama Syombua, habari kwamba muthokoi yake ni mbili nukta sita.

"Mbili kwa ngapi?" Mama Syombua akauliza. "Mmenisahihisha? Mimi nafanya mtihani hapa?"

Alitunyima mizani wiki nzima. Mutiso hakumgombeza Kyalo. Alimuuliza tu kutoka "sawa" hadi "mbaya" ni hatua ngapi, na kutoka "tamu" hadi "tamu sana" ni hatua ngapi, na nani alizipima. Tukarudi na kuhesabu tu watu waliosimama kwenye kila ngazi, tukaacha wastani upumzike.

Halafu ikaja kesi ya maji. Bweni la wasichana lilisemwa linamaliza tangi, kwa sababu sisi tulibeba mitungi mingi kuliko wavulana. Tuliihesabu mitungi hiyo vizuri sana, hakuna uliotupita. Madam Nduku akaangalia kazi yetu, akatoka nje, akarudi na mtungi mdogo wa mafuta ya kupikia na ule mkubwa wa njano ambao wavulana hubeba begani. Akaiweka mezani.

"Mmehesabu plastiki," akasema. "Maji je?"

Tulipima upya kwa lita. Nani alikuwa anamaliza tangi sitasema, wengine bado wako shuleni na wana nguvu.

Mwisho wa mwaka Mutiso aliondoka. Nilingoja aniambie neno la maana la kuniachia. Aliniambia betri ya saa iko kwenye kopo la chai.

Sasa kesi ngumu. Nilikuwa kidato cha tatu, na dawati langu nilikaa na Ndanu, mwanafunzi wa kutwa. Mama yake anauza parachichi na matunda ya karakara kwenye mji mdogo wa Salama, kando ya barabara kuu. Ndanu ndiye rafiki niliyempata bila kujaribu: yeye aliongea, mimi nilisikiliza, na hakuona shida.

Depyuti, yaani naibu wa mwalimu mkuu, alikuwa amechoka na wachelewaji. Si mtu mbaya. Ni mtu anayesimama langoni kila asubuhi, kwenye baridi ya Kilungu, na hilo linaweza kumbadilisha yeyote. Alikuwa anapeleka pendekezo kwa bodi ya shule: mwanafunzi wa kutwa anayechelewa mara kwa mara ahamie bweni, ama atafute shule nyingine. Kabla ya bodi kukaa alituma Meza tumletee ukweli kuhusu wachelewaji.

Ndanu alichelewa karibu kila siku. Karo ya bweni mama yake hangeiweza, hata auze parachichi na mti wake.

"Mama ameshaongea na shangazi wa Athi River," aliniambia, kama mtu anayetangaza hali ya hewa. "Anatafuta mtu wa kumshikia mtoto."

"Na shule?"

"Nitasoma nikipata nafasi."

Sote wawili tulijua maana yake. Nilijifanya natafuta rula.

Kazi ile tuliifanya haraka na ilionekana nzuri. Langoni tuliandika kila mtu: amechelewa, hajachelewa. Halafu tukawauliza wa kutwa: kwenu ni karibu, ni wastani, ama ni mbali? Jina upande mmoja, ngazi upande wa pili, na umbali ndio tuliotaka utueleze kuchelewa kunatoka wapi. Majibu yakaja yakiwa yamepinduka. Waliochelewa zaidi walikuwa wale waliosema kwao ni karibu.

Depyuti alifurahi kwa mara ya kwanza muhula ule. "Mnaona? Anatoka karibu na anachelewa. Huo si umbali, ni uvivu. Mmenirahisishia kazi."

Jioni nilimuuliza Ndanu alijibu nini.

"Karibu."

"Kwa nini ukasema karibu?"

Alinitazama kama niliyemuuliza kwa nini alisema yeye ni msichana. "Kwani si karibu?"

Likizo fupi ya katikati ya muhula ilipofika, Kitui ilikuwa safari ndefu kwa siku chache, kwa hivyo Ndanu akanialika kwao. Tulisimama kwenye uwanja wa mpira akanionyesha.

"Unaona ile paa inang'aa, upande ule? Iko na mti kando."

"Naona hadi mlango."

"Basi ndiyo hapo."

Kwetu Kitui mjini, nyumba ukiiona mlango umefika. Sikubeba hata maji.

Tukashuka. Tukapita matuta ya mahindi na migomba, tukashuka tena, kijia kikawa chembamba hadi nikawa naweka mguu mmoja mbele ya mwingine kama kuku. Paa likapotea.

"Nyumba imeenda wapi?"

"Iko."

Chini kabisa kulikuwa na kijito cha kuruka kwa mawe, na ng'ambo yake kijia kilisimama wima. Sisemi kilipanda. Kilisimama. Nilishika nyasi kwa mikono.

"Ndanu. Ulisema ni karibu."

"Si uliiona?"

"Hata mwezi nauona!"

Alicheka hadi akakaa chini kwenye njia, na mimi nikashukuru kwa sababu nilipata kupumzika. "Mbali ni Salama," akasema akijipangusa macho. "Mbali ni Nairobi. Hapa ni nyumbani."

Tulikutana na mama mzee mwenye mzigo wa kuni. Nikamsalimia, nikamwita mama kwa Kikamba, nikamuuliza, "Mwaitu, kwa kina Ndanu bado ni mbali?"

"Aiya! Mbali wapi? Mmefika." Akapita na kuni zake akiimba wimbo wa kanisa. Tulipanda baada ya hapo hadi nikaacha kuuliza maswali.

Mama yake alitupokea uani na uji. "Huyu wa Kitui mbona anapumua hivyo? Si mmetoka hapo tu?"

Jioni ile ndiyo iliyonifungua macho. Mama Ndanu alisimama ukingoni mwa uwanja wake, akamwita jirani wa mlima wa pili. Jirani akaitika. Wakaongea habari za mbegu za maharagwe na harusi ya mtoto wa mchungaji, bonde zima likiwa katikati yao, bila hata kupaza sauti sana. Nikauliza nyumba ya huyo jirani iko wapi. "Ni wa hapa hapa karibu," mama akasema. Na kumfikia ni safari ile ile ya kushuka na kupanda.

Basi nikajua tulichokipima. Vilimani, karibu ni mahali unapopaona, ama mtu anapokuita ukasikia. Watoto wale walikuwa wamepanga ngazi zao kwa macho na masikio, sisi tukazisoma kama miguu. Na kuna jambo lingine Ndanu aliniambia tukikoka moto: mtu wa kwao akisema "kwetu ni mbali" anaonekana analalamika. Atachekwa.

Niliporudi niliwaambia Meza. Ilinichukua muda kuanza, mnanijua.

"Kwa hivyo walitudanganya," Kyalo akasema.

"Hawakudanganya. Waliulizwa ngazi, wakatoa ngazi. Sisi ndio tulitaka kipimo."

Madam Nduku aliegemea gunia la maharagwe. Halafu: "Na lile la langoni? Amechelewa, hajachelewa?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Aliyeingia kengele ikimalizia mlio na aliyeingia watu wakiwa kipindi cha pili, wote wawili tuliwapa neno moja.

Tulianza upya. Muda wa kutoka nyumbani, muda wa kufika langoni, na dakika baada ya kengele. Wengi hawana saa, kwa hivyo tuliuliza redio ilikuwa inasema nini walipotoka; habari za asubuhi zina wakati wake na kila nyumba zinasikika. Wenzetu wa Meza walio wa kutwa walitembea na majirani wao, wakiwa na saa ya mkononi ya Madam, kwa zamu, wakaona kama majibu ya redio yanalingana na miguu. Yalilingana vya kutosha.

Wa vilimani walikuwa wanatoka nyumbani kabla ya mtu mwingine yeyote shuleni, na wengi walichelewa kidogo tu. Waliochelewa sana walikuwa wa zile nyumba za kando ya lami, wale ambao husubiri kengele ilie ndipo watafute soksi. Kyalo anakaa kando ya lami. Alisoma matokeo mara mbili na hakusema neno. Niliandika hilo kwenye shajara na kulipigia mstari.

Lakini haikuwa hadithi tamu yote. Kulikuwa na wa vilimani waliolala tu, na asubuhi mbili Ndanu alikuwa mmoja wao.

"Hata hizo umeandika?" akaniuliza. Hakuwa anatabasamu.

"Zimetokea."

"Wewe ni rafiki wa aina gani? Jina, ama ngazi?"

Kama ningezitoa mbili zake, ningelazimika kutoa na za Kyalo, na mwishowe tungebaki na karatasi ya watu tunaowapenda. Alikaa siku mbili bila kuniongelesha, akinipa mgongo kwenye dawati moja, jambo ambalo si rahisi.

Siku ya bodi ilifika. Madam alisema ataongea aliyepanda mlima. Nilimwambia tumbo linauma. Akasema tumbo pia lipelekwe mkutanoni.

Tulikaa tukingoja kwa sababu mwenyekiti wa bodi, Mzee Nzioka, alikuwa hajafika. Ni mzee wa kanisa, anaheshimiwa Kilungu nzima, na nyumba yake iko mlima ule ule wa kina Ndanu. Alipoingia, viatu vikiwa na udongo, aliomba radhi, akaomba Mungu atuongoze, tukaanza. Depyuti alisoma pendekezo lake. Halafu Madam akanisukuma.

"Ongea kwa sauti, msichana!" mzazi mmoja akasema kutoka nyuma kabla hata sijafungua mdomo.

Nikasema. Nilieleza swali la kwanza, kwa nini halikuwa swali letu, na dakika zilisema nini. Nilisema na asubuhi mbili za Ndanu, bila kumtaja, lakini mama yake alikuwa amekaa pale mstari wa wazazi na alijua. Sauti, sijui ilitoka wapi, ilifika hadi kwa yule mzazi wa nyuma.

"Kwa hivyo unaniambia hakuna uvivu katika shule hii?" Depyuti akauliza.

"Uko, Mwalimu. Lakini mwingi unakaa kando ya lami."

Watu wakacheka. Mzee Nzioka hakucheka. "Mtoto wangu," akasema, "hilo la mlima silikubali. Mimi natoka huko miaka yote. Ni karibu. Hata kutoka hapa dirishani naona ng'ombe wangu."

Niliangalia viatu vyake. Ningeweza kukaa. Kila kitu ndani yangu kilitaka kukaa.

"Babu, samahani," nikasema. "Leo ulipotoka nyumbani, redio ilikuwa inasema nini?"

Akafikiri. "Ilikuwa... walikuwa wanaanza mahubiri."

Kila mtu pale anajua mahubiri huanza saa ngapi. Kila mtu akageuka kuangalia saa ya ukutani tuliyoileta kutoka stoo, ambayo siku hiyo, nashukuru, ilikuwa inatembea. Mzee Nzioka naye akageuka. Akaitazama, akatazama dirisha, akarudi kwenye saa.

"Aiya," akasema polepole. "Na nilikuwa natembea haraka."

Hapo ndipo alicheka, na wote wakapata ruhusa. Depyuti alicheka pia, akiinamia karatasi zake. Akasema Jumamosi atatembea njia hiyo mwenyewe, na hadi atakapotembea pendekezo liondolewe. Mzee Nzioka akasema lisirudi. Wa vilimani wataruhusiwa kuingia hadi mwisho wa gwaride la asubuhi, na langoni kila mtu, wa lami na wa mlima, ataandikwa kwa dakika.

Mambo ya kidato cha nne nitayaruka. Yalikuwa mazuri, lakini yalikuwa rahisi. Ndugu zangu, mkipewa swali, msilipende kabla hamjajua mwenye kulijibu anatumia macho, masikio ama miguu. Sina lingine la kuwafundisha, mengine yako kwenye kopo la chai.

Nimalizie na Jumatatu iliyofuata bodi. Kengele ilikuwa imelia na gwaride linaendelea. Kyalo alikuwa langoni na saa ya Madam. Ndanu akatokea kijiani akikimbia, sketi ina umande hadi magotini. Siku nyingine angeulizwa kwa nini amechelewa. Kyalo akamuuliza, "Umetoka nyumbani saa ngapi?" Akamwambia. Kyalo akaandika, akasema, "Ingia."

Alinikuta darasani. Hakunisalimia, hakusema lolote la bodi. Alitupa begi chini, akanisukuma na kiwiko.

"Songa huko. Umechukua dawati lote."